Mbili za Bure

5 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya na natumaini barua hii itakukuta nawe u mzima. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba chuo kimefungwa kwa likizo ndefu, hadi mwisho wa Agosti, na kwamba mfuko ulionitumia baada ya msiba wa mama ulinifikia salama. Samahani kwa kuchelewa kushukuru. Kamera haikupata hata mkwaruzo. Filamu ni kumi. Nilizihesabu mara mbili nikidhani kuna karatasi katikati yake, sikuiona.

Likizo hii nasafiri. Mwenzangu wa chumbani ana wazazi wenye gari na moyo mkubwa, wamesema mahali pa watu watatu hapashindwi na wa nne. Tunazunguka mji hadi mji, tunalala nyumba za wageni, hatukai popote zaidi ya siku tatu. Kwa hiyo barua usitume kwingine, mpe kondakta wa basi aiache kwa mlinzi wa lango la chuo. Tunapita pale mara kwa mara.

Naambatanisha filamu ya kwanza, naomba unisafishie. Ni ya mji wa stesheni ya reli. Kuna mfagiaji mmoja pale anayefagia jukwaa lote hadi mwisho, kisha anakaa kwenye benchi na ufagio magotini, kumngoja abiria aje achafue tena. Nilimtazama asubuhi nzima. Treni ilipita moja, haikusimama.

Nimefuata ulivyonifundisha. Filamu naitia ndani, kivulini, sikimbilii juani, na napiga mbili za bure, za kusogeza filamu iliyoona mwanga, kabla ya kuanza kuhesabu. Najua wewe huchanganyi dawa ya kusafishia mpaka tangi lijae filamu nane. Sina haraka, nitasubiri kama wateja wengine.

Wako mtiifu,
Mpwa wako


7 Juni

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama wima, nikidhani naombwa kazi. "Madhumuni ya barua hii." Madhumuni gani, mtoto uliyenilowesha mapaja mbele ya wateja waliovaa suti? Niandikie kama unavyosema, la sivyo nitakujibu kwa muhuri.

Picha zako hizi hapa, pamoja na negativu. Ulipokuwa na miaka saba kila picha uliyopiga ilikuwa na kidole chako pembeni, mnene kama ndizi, mpaka tukakupa jina. Sasa nimezipitia zote thelathini na sita nikikitafuta. Hakipo. Kusema kweli nilikikosa kidogo.

Yule mfagiaji ni picha ya kutundikwa. Umemngoja mpaka akasahau kwamba upo, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ile ya saa ya ukutani imepinda, na usiniambie ulikusudia.

Huku kazi imenilemea. Leo asubuhi tu nimepiga maharusi, bibi harusi akakataa kukaa upande wa kushoto, tukabishana nusu saa. Kisha likaja darasa zima la shule, watoto arobaini, mmoja akilia na thelathini na tisa wakimcheka. Chai yangu inapoa mezani kila siku.

Msalimie huyo mwenzako na wazazi wake. Waambie wakuketishe dirishani, nyuma unatapika.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Haya, nimeacha madhumuni.

Hii ni filamu ya ziwa. Sijapata kuona asubuhi ndefu kama za kiangazi hiki. Jua linatoka taratibu, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, halafu ghafla yanang'aa mpaka unafumba macho. Kuna mzee aliingiza baiskeli yake majini hadi tandikoni, akaisugua kama anaogesha mtoto, akaitoa, akaipanda, akaenda zake na maji yakimchuruzika. Nilipiga picha moja tu ya hiyo. Nilikaa saa nzima juu ya jiwe nikingoja arudi, nikala mkate wangu wote.

Nakwambia, kwa muda mfupi nilisahau kila kitu. Nilikuwa jicho tu.

Mwenzangu huyu anakoroma, tunamcheka kila asubuhi. Baba yake anaimba akiendesha, na wimbo anaoujua ni mmoja, ubeti mmoja. Mama yake hukata machungwa na kutupa nyuma vipande bila kugeuka. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu hata kidogo.

Mpwa wako


21 Juni

Kidole,

Marahaba. Mzee wa baiskeli nimemkuza, nimembandika karibu na sinki ninaposafishia. Ananifurahisha macho kila nikinawa.

Sasa nikuambie neno la ufundi. Miaka thelathini nimekuwa nikitazama nyuso. Mtu akikaa mbele yangu, hata asiponipenda, kuna kitu anampa yule aliyeshika kamera: hasira, haya, kiburi, lolote. Umenitumia picha sabini na mbili. Mna migongo, mna visogo, mna watu wa mbali wanaokwenda zao. Hakuna hata mtu mmoja anayekutazama wewe.

Mpige huyo mwenzako. Mkalishe ubavuni mwa dirisha, usiwashe flashi, mwambie akueleze ugomvi wowote wa nyumbani kwao. Akifika katikati ya ugomvi, bonyeza. Na wazazi pia, na gari lao, na hayo machungwa.

Huku wateja ni wale wale, hawapungui.

Kama mtapita upande huu, chumba cha nyuma ya studio kimefagiliwa. Sisemi mje. Nasema kimefagiliwa.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni filamu ya kiwanda cha matofali, vumbi lake nimekaa nalo masikioni siku mbili.

Mwenzangu hapendi kupigwa picha. Watu wa namna hiyo wapo. Wewe unawajua zaidi yangu, maana ulikaa na mmoja, dada yako, miaka ishirini, kila siku mnaambiana picha ni kesho.

Huko hatutapita. Njia yetu ni nyingine.

Mpwa wako


5 Julai

Mpwa wangu,

Picha zako hizi. Thelathini na sita. Ya kumi na nne ni nzuri.

Mjomba wako


24 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa siku kumi na tisa na barua yako fupi. Nimeisoma mpaka imechoka kwenye mikunjo.

Ulimi hauna mfupa. Ulisema hivyo wewe mwenyewe siku tulipomzika mama, ulipowaomba majirani waniache nilie, baada ya mimi kukuambia mbele yao wote kwamba umepiga picha mji mzima ukamwacha dada yako. Hata waliokuwa wakipanga viti waliviweka chini. Wewe ukatazama viatu vyako. Ulimi angalau una udhuru wa kuteleza. Mimi mwezi huu nimerudia maneno yale yale kwa kalamu, nimekaa kitako, nikaweka na nukta.

Naomba radhi. Si ya barua tu.

Picha ya mama niliyo nayo ni ile ya kitambulisho iliyokuzwa haraka haraka kwa ajili ya mazishi, ambayo muhuri umempita kidevuni. Naiweka ndani ya kitabu na kitabu nakifunga. Huyo mwanamke ameshtuka, amebana midomo, kama anangoja kuulizwa tarehe ya kuzaliwa. Mama hakuwa hivyo. Na naogopa, Mjomba, kwa sababu juzi nilijaribu kuukumbuka uso wake na ulionijia ni huo wenye muhuri.

Naambatanisha filamu mbili. Moja ni ya soko la nguo kuukuu, nyingine ni ya mji wa mlimani ambako ukungu haukuondoka mpaka saa sita mchana. Safari inaendelea vizuri. Wenzangu wote wazima.

Mpwa wako


27 Julai

Mpwa wangu Kidole,

Marahaba. Radhi nimeitoa zamani. Hukusema uongo siku ile, na mtu hatukanwi kwa ukweli. Kinyozi hajinyoi, lakini hata kinyozi humnyoa dada yake akiombwa.

Nina jambo jingine, na sijui niliingie kwa mlango gani, basi naingia kwa wa mbele.

Zile mbili za bure. Nilikufundisha kwamba zinatupwa, kwa sababu mara nyingi nusu yake imeunguzwa na mwanga na hakuna mteja anayezitaka. Si kweli kwamba zinatupwa. Sisi wa chumba cha giza tunazikata na kuzitia koponi, tunajaribia karatasi mpya za kuchapia, ili tusiharibu picha ya mtu. Kwa hiyo zako ninazo. Filamu tano, mbili mbili, kumi.

Filamu ya stesheni: nusu imeungua, nusu ni kitanda cha chuma chenye godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, mafundo mawili. Ya pili yake ni dirisha, kioo cha chini kimevunjika na kuzibwa kwa boksi la sabuni. Filamu ya ziwa: godoro, kamba, mafundo mawili. Nikasema, haya, nyumba za wageni zote ni mama mmoja. Ya matofali: dirisha, boksi, na maandishi ya boksi yanasomeka. Leo nimesafisha za soko na za mlimani. Godoro halijakunjuliwa, Kidole. Boksi ni lile lile la sabuni.

Hicho ni chumba chako cha chuo. Hilo godoro ni la mwenzako, alilifunga alipokwenda kwao mapema Juni, na hakukuchukua. Nikarudi kwenye picha nyingine kwa kioo cha kukuzia. Pale ziwani kivuli chako kimelala juu ya mchanga, kirefu, na pembeni yake hakuna kingine. Anayeimba akiendesha ni nani? Anayekata machungwa ni nani?

Sijakasirika. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini yako umeipanda basi kwenda na kurudi kiangazi kizima. Nimekaa chini nikafikiria hilo na chakula kikanishinda. Mama yako aliniachia neno moja tu siku ya mwisho hospitalini, kwamba mtoto asikae likizo peke yake. Nami nilikuandikia kwamba chumba kimefagiliwa, nikajiona nimesema.

Kwa nini hukuja nyumbani?

Mjomba wako


31 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Ndiyo. Ni chumba changu. Mwenzangu aliondoka tarehe mbili Juni, akaniaga vizuri, hakujua kwamba sina pa kwenda. Wazazi wake sijawahi kuwaona. Machungwa niliyatunga nikiwa kitandani, na nilipoandika kipande kile cha kutupa nyuma bila kugeuka nilikaribia kuamini.

Nyumba ya mama ilikuwa ya kupanga, unajua, ikarudishwa kwa mwenyewe baada ya arobaini kupita. Kwa hiyo nikabaki hapa. Mlinzi aliniuliza wiki ya kwanza, "Binti, chuo chote tumebaki mimi na wewe na paka. Kwenu hawakuulizi?" Nikamwambia wananiuliza sana. Tangu hapo ananisalimia asubuhi na jioni na ananiwekea barua zako chini ya birika lake zisiruke. Hizo ndizo sauti zangu za siku: habari za asubuhi, habari za jioni.

Napanda basi la kwanza, nashuka mji ninaoupenda jina, natembea mpaka jua lichoke, narudi. Usidhani sikufurahi. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Zile asubuhi ni za kweli, mzee wa baiskeli ni wa kweli, na nimeona mambo kiangazi hiki nitakayosimulia mpaka uzeeni. Lakini kila nikiona kitu kizuri nageuka kumwambia mtu, halafu nakumbuka. Ndipo napiga picha. Picha zote ulizo nazo zilipigwa wakati huo, wa kugeuka na kukuta hakuna mtu.

Kwa nini sikuja: nilidhani umemalizana nami. Nilikutukana mbele ya watu. Wiki mbili baadaye ukanitumia kamera na filamu kumi bila hata neno moja. Nilipekua ule mfuko mpaka mishono. Nikasema, huyu amenikabidhi fungu langu ili tusidaiane tena salamu. Na ulipoandika "sisemi mje", nilisoma "msije".

Sasa na wewe, Mjomba. Usidhani peke yako ndiye unayesoma picha.

Dawa haichanganywi kwa filamu moja. Hilo nimelisikia tangu nikiwa natambaa. Ulimkatalia hata mwalimu mkuu aliyekuwa na safari, ukamwambia tangi ni la filamu nane, asubiri zijae au aogelee humo mwenyewe. Mama alikucheka wiki nzima. Filamu ya stesheni nilituma Jumatatu, Jumatano ukawa umeshanijibu na picha. Ya ziwa, Jumatatu, Jumatano. Ya matofali hivyo hivyo. Kwenye tangi lako filamu ni yangu, peke yake. Maharusi wako wapi? Picha za watoto arobaini zilisafishwa kwenye tangi gani?

Ulifungua studio lini mara ya mwisho?

Mpwa wako


12 Agosti

Kidole,

Marahaba. Umenikamata, na nimekupika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla hatujamzika. Tangu hapo mlango wa mbele sijaufungua. Mwanzoni watu waligonga, nikawajibu kwa ndani kwamba naumwa. Sasa hawagongi. Bibi harusi wa kubishana yupo, lakini ni wa miaka minne iliyopita. Watoto arobaini ni wa mwaka juzi. Nilikuwa nakutolea wateja wa zamani mmoja mmoja.

Kamera uliyo nayo haikuwa fungu lako. Ni ile ile niliyokuwa nikipigia wateja, sina nyingine. Kila nikiitazama nilisikia maneno yako, na yalikuwa ya haki, nikaona niiondoe machoni pangu. Nikaitia mfukoni na filamu zilizobaki, nikaandika karatasi tatu za kuweka ndani, zote nikazichana. Moja ilikuwa ya kujitetea, moja ya kukulaumu, ya tatu ilikuwa na jina lako tu na baada ya hapo wino haukwenda. Kumbe wewe umeupekua mfuko mpaka mishono. Ningejua, ningeacha hata ile yenye jina.

Halafu kondakta akagonga mlango wa nyuma na filamu ya stesheni. Nikachanganya dawa kwa filamu moja. Mama yako angeshika tama. Lakini siku ile niliamka kitandani saa moja na nikanyoa ndevu, na kila filamu yako ilipokuja nilinyoa ndevu. Ndiyo habari ya wateja wasiopungua.

Sasa nisome taratibu, kwa sababu hii imenichukua siku kumi na mbili.

Nilipokuwa nalitazama godoro lako nilijiuliza, mimi mbili zangu za bure nilikuwa nikipiga nini? Hakuna anayechagua. Unafunga mgongo wa kamera, unaielekeza popote, unabonyeza mara mbili, unaanza kazi. Nikasimama mahali ninapotilia filamu siku zote, kando ya meza. Nikanyoosha mikono kama nimeshika kamera. Nikaona mikono yangu imeelekea benchi la mlangoni.

Unakumbuka nani alikaa kwenye benchi lile. Cherehani yake mbele yake, kibweta cha vifungo pembeni, akiwashonea wateja kola kabla hawajaingia.

Kopo ni la maziwa ya unga, kubwa, kutu hadi shingoni. Sikumwaga hata siku moja, nilikuwa nachota tu cha kujaribia na kurudisha. Nililimwaga juu ya shuka. Nikachukua kipande cha kwanza nikakiinua dirishani.

Mama yako, nusu. Upande wa kulia umeungua mweusi, wa kushoto yupo, na sindano midomoni.

Nikachukua kingine. Anapiga miayo, mdomo wote, hajaziba. Kingine, anamfunga mtoto wa mtu vifungo. Kingine ana tumbo, na ndani ya tumbo ni wewe. Kingine umekaa mapajani kwake, umenyoosha kidole kuelekea lenzi, na yeye anakushika mkono usifike. Kingine ana kilemba kile cha maua alichokipoteza sokoni akakisikitikia mwezi mzima. Kingine amezeeka kidogo. Kingine amezeeka tena. Kila aliponiambia kesho nikisuka nywele, na kila nilipomwambia kesho filamu hii ni ya mteja, nilikuwa nimeshampiga mbili.

Nilihesabu hadi mia mbili na kumi na nane, nikaacha, maana nilikuwa silioni tena dirisha.

Nilikuambia kuhusu watu kukutazama. Katika karibu zote, Kidole, kazi imesimama na amenyanyua macho. Alikuwa akisikia ule mlio wa kufunga mgongo wa kamera. Alikuwa akijua nimemaliza na mmoja na naanza na mwingine, akanyanyua uso kuona kama nimechoka. Ananitazama mimi. Miaka ishirini, na mimi nilidhani naelekeza popote.

Dawa nimechanganya mara tatu na mara tatu imeharibika. Nafika mlango wa chumba cha giza, narudi. Uso ule ukianza kutokea ndani ya maji, sitaki nigeuke nikute hakuna mtu. Umenifundisha wewe neno hilo.

Chumba cha nyuma bado kimefagiliwa. Safari hii nasema uje.

Mjomba wako


15 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama langoni. Mlinzi akanisoma uso, akaniletea kiti chake, akaenda kusimama mbali na paka wake mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Kwenu wamekuuliza." Nikamwambia ndiyo. Jioni ile aliniletea chai, na tukaongea mpaka ikapoa.

Godoro langu nimelikunja nikalifunga, mafundo mawili, kama la mwenzangu. Lile boksi la sabuni nimelichomoa dirishani, nakuja nalo, ukalione kwa macho.

Dawa usichanganye mpaka nifike. Usichape hata moja. Ya kwanza nitachagua mimi, nayo ni ile ya miayo.

Filamu zilizobaki ni tano. Moja nimeitia asubuhi hii, ndani, kivulini, ulivyonifundisha. Mbili za bure sikuzipiga. Ni mara yangu ya kwanza kutozipiga, na kamera naipakata kama yai.

Nakuja Alhamisi kwa basi la kwanza. Fungua mlango wa mbele, ule wa wateja, uuache wazi. Halafu ukae kwenye benchi la mama na uningojee hapo. Usichane nywele. Usifunge kifungo cha juu. Na nikiinyanyua kamera, Mjomba, usiniambie kesho.

Kidole